Mstari wa Thelathini na Moja

Ng'ambo, Tabora
Jumatatu, 10 Juni

Kwako Dada Gaudensia,

Shikamoo. Mimi ni mzima, na naomba barua hii ikukute wewe, shemeji Renatus na watoto mkiwa hivyo hivyo, ingawa najua kwamba uzima wa mtu aliyesimamishwa kazi haupimwi kwa homa peke yake. Jumamosi nilikwenda Kigwa kumwona mama. Goti limepungua uvimbe. Sasa anatembea hadi stesheni na kurudi bila fimbo, na amenituma nikuambie kwamba michembe yako ya viazi ameitenga kwenye gunia lake dogo na hatampa mtu mwingine. Aliniuliza kwa nini mimi nawe hatuzungumzi. Nikamjibu kwamba mtandao wa simu huko Igunga ni mbaya. Akasema kwamba ulikuwa mzuri juzi ulipompigia yeye.

Miezi mitatu imepita tangu uliponipigia ukilia, nami nikakuambia kwamba sheria ichukue mkondo wake. Ningeweza kukupigia leo. Nimechagua kuandika kwa sababu kwenye simu nina ufasaha mwingi mno, na ufasaha wangu, kama utakavyoona, ndio ulioniponza. Naomba unisome hadi mwisho, ukiweza.

Unaifahamu kompyuta kuliko wanakamati wote waliokuhoji, lakini hukupata kuona jinsi kihariri, ile programu wanayoandikia wanafunzi wako, kilivyotengenezwa, kwa hiyo niruhusu nieleze polepole. Mwanafunzi akiisha kuandika programu yake, maandishi hayo hupitishwa kwenye programu nyingine, kompaila, ambayo huyageuza yawe kitu ambacho mashine inaweza kukitekeleza. Kompaila ikikwama hutoa ujumbe wa kosa: jina la faili, namba ya mstari, na maelezo. Mara nyingi maelezo hayo huendelea kwenye mstari wa pili na wa tatu, kwa sababu kompaila, tofauti na watu wengi ninaofanya nao kazi, ina uungwana wa kukiri kwamba mahali ilipokwamia si lazima pawe mahali kosa lilipotendwa. Kazi yangu ilikuwa kubuni jinsi kihariri kitakavyousoma ujumbe huo, kichambue namba iliyomo, kisha kiupake rangi mstari unaohusika ili mwanafunzi auone mara moja.

Ungedhani kazi kama hiyo huzaa mijadala ya maana. Kwetu ilizaa wiki tatu za mjadala kuhusu nyekundu. Bwana Hilari, mkuu wa ofisi yetu, mtu ambaye sijapata kumwona akiandika mistari kumi ya programu bila kumwita mtu, alitukalisha katika kile chumba chetu kilicho juu ya duka la vipuri vya baiskeli, akauliza iwe nyekundu ya nyanya au nyekundu ya damu. Mmoja wetu alipopendekeza rangi tulivu zaidi, alimjibu kwamba rangi tulivu ni ya kupumzisha macho, na mwenye kosa hastahili kupumzika. Walipokuja wageni, alifuta kwa makusudi alama moja katika programu iliyokuwa sahihi ili nyekundu ile ilipuke kwenye ukuta, na wageni wakapiga makofi. Sijapata kuona watu wazima wakilishangilia kosa kwa furaha kiasi kile. Hakuna aliyeuliza kama mstari uliopakwa ulikuwa ndio wenye kosa. Naandika haya kwa dharau, na sijui kama nina haki nayo, maana nilikuwa nimesimama kando ya ukuta huo nikipokea pongezi.

Nimeusoma pia muhtasari wa kikao cha kamati ya mitihani ya chuo chenu, ule wa mwezi Machi. Nakala ililetwa ofisini kwetu, sababu nitaieleza. Nimeusoma mara nyingi kuliko inavyostahili karatasi iliyoandikwa vibaya namna ile. Swali lilikuwa wazi: mwanafunzi apewe programu yenye kosa moja, alitafute na kulirekebisha. Aliyetunga swali alikuwa ameacha kufunga mabano yaliyofunguliwa mstari wa kumi na mbili. Wanafunzi ishirini na watatu kati ya ishirini na sita hawakugusa mstari wa kumi na mbili wala uliofuata. Wote walifuta mstari wa thelathini na moja, ambao haukuwa na dosari yoyote. Mwenyekiti, Mwalimu Nikolaus, akasema kwamba vichwa ishirini na vitatu haviwezi kuota ndoto moja. Ni sentensi nzuri. Msiba wake ni kwamba alipoipata aliacha kufikiri. Kutoka hapo ikafuata, kwa mantiki ya watu wanaotaka kuwahi chakula cha mchana, kwamba kuna mtu aliyewapa jibu bovu kabla ya mtihani. Na kwa kuwa Jumapili iliyotangulia uliwakaribisha wanafunzi nyumbani kwako baada ya misa ili warudie masomo, bila malipo, ikafuata kwamba mtu huyo ni wewe.

Nimeona walivyomfanyia Doto. Hukunisimulia, au labda ulijaribu nami sikukupa nafasi. Binti wa wafugaji, ambaye kwa maneno yako mwenyewe alifika chuoni akiwa hajawahi kugusa kibodi, alisimama mbele ya wanaume watano akawaeleza kwamba yeye na wenzake wawili walipata jibu sahihi kwa sababu walilivuta lile dirisha dogo lililojificha chini ya kihariri, wakausoma ujumbe wote wa kompaila, na kwamba mstari wake wa pili ulitaja mabano ya mstari wa kumi na mbili waziwazi. Mjumbe mmoja akamuuliza kama kwao wanafundishwa pia kupiga ramli. Mwandishi wa muhtasari, kwa uaminifu ambao natamani angeuelekeza kwingine, ameandika hapo kwenye mabano: kicheko. Hawakumwomba awaonyeshe. Kompyuta zilikuwa chumba cha pili.

Kwa miezi miwili niliwadharau watu hao kwa utulivu na kwa utaratibu, na dharau hiyo ilinisaidia kulala. Sasa nifike kwenye jambo ambalo nimekuwa nikilizunguka.

Nimewahi kukutajia Pazi, mwenzangu wa ofisini kutoka Pwani, Mzaramo, kwa hiyo mtani wetu. Babu zetu walipokuwa wakishuka na mizigo hadi baharini walipita kwao, wakagombana, wakazikana, na mwisho wakapatana kutukanana badala ya kuuana. Mimi na Pazi tumeurithi mkataba huo na kuufanya njia ya kazi. Kila anachoandika mmoja wetu hupitiwa na mwenzake, naye huacha maoni pembeni. Na tangu siku ya kwanza maoni yetu hutanguliwa na utani. Aliwahi kuniandikia kwamba mimi katika msafara ningebeba mzigo wa mwenzangu nikausahau wangu porini. Nikamwandikia kwamba Mzaramo akiona kazi hudhani ni ngoma iliyochelewa kuanza. Ofisi nzima huyasoma na kucheka, na wapo wasioupenda mchezo huu, lakini una sheria yake ambayo hakuna aliyeiandika: anayejibu utani kwa hoja ameshindwa. Ni lazima ujibu kwa utani, kisha maoni yafungwe.

Mwezi Machi kamati yenu ilituandikia. Ikaambatanisha ule muhtasari, ikaomba maoni ya mtaalamu: je, kihariri kinaweza kuwa kimewapotosha wanafunzi? Bwana Hilari alinipa mimi niijibu, kwa kuwa kazi ni yangu. Niliandika sentensi moja ambayo niliisahihisha asubuhi nzima: kwamba kihariri huonyesha kwa usahihi mstari ambao kompaila imeutaja mwanzoni mwa ujumbe wake. Kila neno la sentensi hiyo ni kweli. Hata neno "mwanzoni" nililiweka kwa hiari yangu, na nakumbuka jinsi nilivyoona kwamba limekaa vizuri. Nikatia sahihi kwa jina la mume wangu, kama nifanyavyo kazini siku zote, na sikumwambia mtu yeyote kwamba mwalimu anayetuhumiwa ni dada yangu wa tumbo moja. Nilijiambia kwamba kunyamaza huko ni uadilifu, kwamba sitaki kumpendelea ndugu. Leo nikijihoji sina hakika. Nadhani mtu asiyetaka kupendelea ndugu humwachia mwingine kazi hiyo. Yule anayeinyakua na kuficha undugu anatafuta kitu kingine.

Sentensi hiyo ndiyo iliyokusimamisha kazi, Dada. Mwalimu Nikolaus ameinukuu neno kwa neno katika barua uliyopewa. Uliponipigia ukaniambia kwamba mtaalamu mmoja wa Tabora amewaandikia uongo, ulikuwa unazungumza naye.

Mwezi Mei, Doto aliandika kwenye anwani yetu ya malalamiko. Alikuwa ameunakili ujumbe wa kompaila wote, mistari mitatu, na akauliza kwa adabu kwa nini kihariri kinaonyesha mmoja tu. Nilimjibu kwa mstari mmoja: asome mwongozo wa mtumiaji, ukurasa wa nne. Baada ya siku mbili alijibu kwamba ameusoma ukurasa wa nne pamoja na kurasa nyingine zote, na kwamba ukurasa wa nne unaeleza jinsi ya kubadili rangi.

Pazi aliliona jibu hilo kabla yangu, kwa kuwa anwani ile tunaishika kwa zamu. Nilipoingia ofisini hakunisalimu kwa kejeli yoyote. Alisema, "Eustadia, naomba ukae." Kwa miaka minne hakuwahi kuniita kwa jina langu, mimi kwake ni Mnyamwezi, mpagazi, au mke mwenza wa punda. Hata tulipomzika baba, unakumbuka, alikuja Kigwa akajilaza kaburini akidai alipwe ndipo atoke, na wewe ulicheka ukiwa na machozi usoni. Mtani hutania hata msibani. Kwa hiyo alipoacha nilijua kwamba limetokea jambo ambalo hata msiba haulifikii.

Akanionyesha maoni yake ya Agosti mwaka jana, kwenye kazi yangu ile ile. Mstari wa kwanza ulisema kwamba Mnyamwezi akiletewa barua husoma salamu tu, kisha akaitumia karatasi kuwashia moto. Chini yake palikuwa na mistari mingine mitatu isiyo na utani wowote. Ilisema kwamba ujumbe wa kompaila aghalabu una zaidi ya mstari mmoja. Kwamba kanuni niliyoandika inachukua wa kwanza na kuitupa iliyobaki. Kwamba mabano yasiyofungwa yataonyeshwa mahali ambapo hapana kosa, na mwanafunzi akifuta hapo huenda mabano yakalingana kwa hesabu, nyekundu ikatoweka, naye akaamini amemaliza. Ndivyo ilivyotokea katika mtihani wenu, hatua kwa hatua, miezi sita baadaye. Na chini ya onyo hilo palikuwa na jibu langu: kwamba afadhali anayesoma salamu kuliko anayesubiri kusomewa. Kisha nikayafunga maoni. Watu sita walikuwa wameweka alama ya kicheko.

Nimejiuliza kama nilikuwa nimeisoma ile mistari mitatu. Ningependa kukuambia kwamba sikuiona, na huenda ni kweli. Lakini nakumbuka kwamba siku ile nilijua Pazi ana hoja, kwa namna mtu anavyojua kuna mtu nyuma yake bila kugeuka, na nikajua pia kwamba nikimjibu kwa hoja ofisi itasema nimeshikwa. Nilimuuliza kwa nini hakurudia. Alisema alidhani nimeelewa. Kwao, alisema, mtani hukupa ukweli ndani ya tusi ili uupokee bila aibu, na hakujua kwamba sisi tunakula ganda na kutupa njugu. Huo ulikuwa utani, lakini hakucheka.

Ningeweza kuishia hapo, na ungebaki ukiamini kwamba mdogo wako aliponzwa na desturi. Ni simulizi inayonipendeza, na kwa sababu hiyo siiamini. Nimerudi kwenye maelezo ya awali niliyoandika kabla ya kuanza kazi, mwezi Juni, kabla Pazi hajasema lolote. Katika ukurasa wa pili nimeandika hivi, na nakunakilia bila kubadili: "Mwanafunzi wa chuo cha wilayani hatasoma zaidi ya mstari mmoja. Mingine ifichwe." Nilipoandika "chuo cha wilayani" nilikuwa nikiwafikiria wanafunzi wako. Ulikuwa umenisimulia wakati wa Pasaka jinsi wanavyohangaika na Kiingereza cha ujumbe ule, jinsi wanavyosoma neno moja moja kwa kidole, na jinsi mmoja alivyokaa baada ya vipindi vyote hadi mlinzi akafunga milango. Ulisimulia kwa mapenzi. Mimi nikabeba simulizi hiyo hadi ofisini nikaifanya kipimo cha ujinga wao. Sikuwaficha mistari ile kwa bahati mbaya. Niliwaficha kwa sababu niliwadharau. Wale wajumbe watano walimcheka Doto mara moja, kwa dakika moja. Mimi nilikuwa nimemcheka miezi tisa kabla, kwa maandishi, bila hata kumjua.

Huenda hata ungamo hili ni namna nyingine ya kujiweka juu, ya kuonekana mwenye dhamiri kuliko Hilari na Nikolaus. Siwezi kulitatua hilo, na nimeamua kutolisubiri litatuke, kwa maana kamati inakaa Alhamisi kutoa uamuzi wa mwisho, na uamuzi haungoji nijue moyo wangu ulivyo.

Nimemweleza Bwana Hilari yote. Alisikiliza, kisha akauliza kama kosa linaweza kurekebishwa kimyakimya katika toleo lijalo. Nikamwambia tumekwisha kulirekebisha, mimi na Pazi, kwa siku mbili. Kihariri sasa kinasoma ujumbe wote, kinapaka mahali kompaila ilipokwamia na mahali inapopashuku, kwa rangi mbili, na dirisha la chini liko wazi. Alifurahi, akasema basi hakuna sababu ya kwenda Igunga. Nilipomwambia nitakwenda, alisema kwamba nikiandika barua kwa jina la ofisi kukanusha maoni ya ofisi, nisirudi kuchukua hata kikombe changu. Nimeandika kwa jina langu, nikakichukua kikombe.

Alhamisi nitapanda basi la alfajiri. Pazi anakuja nami akiwa na nakala ya maoni yale na ya ukurasa wangu wa pili, na tumebeba kompyuta yenye kihariri kama kilivyokuwa siku ya mtihani, ili Mwalimu Nikolaus afute mstari wa thelathini na moja kwa kidole chake mwenyewe. Nitaomba wale ishirini na watatu wafutiwe tuhuma, wapewe mtihani mwingine, na wewe urudishwe darasani. Nitasema mimi ni nani kwako. Najua watasema kwamba dada amekuja kumwokoa dada, na kwamba sahihi yangu ya Machi ndiyo ya kuaminika kwa kuwa wakati ule sikuwa na la kupoteza. Ni hoja nzuri, nami ndiye niliyewapa. Sina jibu lake zaidi ya kompyuta na karatasi.

Nakuomba jambo moja tu. Nitakapoisoma ile sentensi ya ukurasa wa pili, Doto atakuwa ndani ya chumba. Usinitetee. Nakujua, utaanza kusema kwamba nilikuwa na haraka, kwamba sikukusudia. Niache niisome yote, na kama ana swali, aulize, nami nitamjibu bila kumtuma kwenye ukurasa wowote.

Mpe salamu shemeji, na umwambie kwamba sikulisahau lile alilosema mwezi Machi, kwamba najificha nyuma ya sheria. Alisema kweli. Wabusu watoto. Mama anakusalimu na anasema utulie. Hajui ni kwa ajili ya nini, na nimeona ni haki yako kumweleza, au kutomweleza.

Barua hii naikabidhi kwa kondakta wa basi la kesho ili uipate siku mbili kabla ya kikao. Barabara unaijua. Ikiwa Alhamisi saa nne itafika nasi hatujaonekana, usiwaombe wasubiri. Wapelekee barua hii waisome badala yangu, yote, pamoja na mahali nilipowatukana. Nimetia sahihi chini ya kila ukurasa, na safari hii nimetumia jina la baba yetu.

Mdogo wako,
Eustadia